Msimbo Ndani ya Bakuli

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, waulizwe jamaa zake. Mimi nilimjua kwa mlango. Mlango wake ulitazamana na wangu katika jengo letu la Barking, ukitoka kwenye lifti mkono wa kushoto, na kwa miaka mingi sauti ya kwanza niliyoisikia nikitoka kwenda kuswali alfajiri ilikuwa ya printa yake. Wengine huamshwa na jogoo. Mimi Mwenyezi Mungu alinijaalia printa, na nilimshukuru kwa hiyo, maana haikuchelewa hata siku moja.

Tulimwita Jirani. Majirani tulikuwa wengi jengo zima, lakini ukisema Jirani kila mtu alijua unamkusudia nani, kama unavyosema Mto ukawa na maana ya mto mmoja tu.

Alikuwa amestaafu kutoka bohari moja la mizigo, alikokaa miaka akiingiza hesabu kwenye kompyuta. Huko ndiko alikopata maradhi yake. Nitayaeleza kwa ajili ya msomaji asiyeyajua, kama mimi nilivyokuwa siyajui. Kompyuta haifanyi jambo mpaka iamriwe, na amri zake huandikwa kwa lugha maalumu, mstari baada ya mstari. Huo ndio msimbo. Watu wa kazi hiyo hawaandiki kila kitu upya. Mtu akipata mistari michache inayofanya kazi moja vizuri, kama kupanga majina au kujumlisha safu ya hesabu, huihifadhi, na mwenziwe akiihitaji humpa bure. Mistari hiyo Jirani aliiita vipande. Alikuwa na vipande vya kila namna: vya kutafuta, vya kuhesabu, vya kugeuza rangi, vya kuondoa nafasi zilizozidi, na kimoja ambacho kazi yake yote ilikuwa kukuambia kama leo ni Jumanne.

"Nani anahitaji hicho?" nilimuuliza.

"Mtu wa Jumanne," alinijibu.

Alikuwa na binti mmoja, Raya, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa London. Raya naye ni mwandishi wa programu, tena wa kusomea, analipwa kwa hilo. Ungedhani hapo ndipo raha ya baba ilipo. Kila Ijumaa baada ya swala Jirani alimpelekea bintiye kipande kimoja kwa simu, na kila Ijumaa Raya alijibu kwa picha ya kidole gumba kilichosimama. Jirani aliniletea simu yake niione. Vidole vimepangana kutoka juu hadi chini, kama watu wanaoomba lifti barabarani.

"Hasomi, Maalim."

"Unajuaje? Mtoto anakusifu."

"Cha wiki iliyopita nilikitia kosa makusudi. Kosa la kuonwa na kipofu. Kaniletea dole."

"Mtoto anakuheshimu, bwana. Anachelea kukuvunja moyo."

"Heshima naipata msikitini," alisema. "Mimi nataka mtu anisome."

Hilo ndilo alilolitaka duniani: Raya akifungue kipande kimoja, akisome kutoka juu hadi chini, aseme neno. Mengine yote nitakayoyasimulia yalitokea wakati akilingoja.

Sasa habari ya bakuli. Kwa desturi tuliyolelewa nayo, jirani akikuletea chakula humrudishii chombo kitupu. Utatia japo ndimu mbili. Jirani alikuwa amefiwa na mkewe, na upishi wake ulikuwa mayai. Desturi alikuwa nayo, jiko hakuwa nalo. Mara ya kwanza mke wangu alimpelekea mbaazi za nazi na maandazi. Asubuhi yake bakuli likarudi limeoshwa linang'ara, na ndani yake mna karatasi iliyokunjwa vizuri, ikatiwa katika mfuko wa plastiki isipate mafuta. Mke wangu aliifungua jikoni. Akaona mabano, nyota, alama za dola, na maneno ya Kiingereza yaliyokatwa katikati. Akaja nayo sebuleni ameishika kwa ncha za vidole.

"Baba Nassor, jirani yako katuletea talasimu."

"Iweke hapo niitazame."

"Nimeshaiweka. Sasa nakwenda kunawa."

Nilisoma Ayatul Kursiyyu kwanza kwa tahadhari, nikavaa miwani. Nimefundisha Kurani kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na vitabu vya watu wa talasimu nimevisoma ili niwakataze wanafunzi wangu kuvisoma. Karatasi ile ilifanana navyo kabisa. Ilikosa tu ile picha ya nge wanayoichora pembeni. Juu yake Jirani ameandika kwa mkono: "Cha kugeuza tarehe. Kimejaribiwa. Kipokeeni." Nikavuka ukumbi nikabisha.

"Unakipa tarehe ya Kizungu, kinakupa ya Kiislamu," alinieleza kwa furaha.

"Lakini sisi hatuna kompyuta, Jirani."

"Mtakuja kuwa nayo. Kipande kizuri ni kile ambacho hukihitaji leo."

Alipenda sana kusema hivyo, na kwa kipimo hicho vipande vyote tulivyopewa vilikuwa vizuri mno.

Mke wangu alizoea, halafu akaanza kupima. Aligundua kwamba pilau hurudi na ukurasa mzima, na muhogo wa kuchemsha hurudi na aya moja. Akawa anapika huku akikisia. Siku moja alimpelekea tambi za kukaanga, zile za zabibu na iliki, na bakuli likarudi na karatasi yenye mistari miwili. Alikaa nayo kitako.

"Miwili! Tambi zangu zile!"

Jirani alipoitwa kujibu mashtaka alisimama mlangoni mkono kifuani. "Shemeji, nisikilize. Kuandika kirefu ni kazi ya yeyote. Hicho kilikuwa na kurasa mbili, watu wamekifupisha miaka mpaka kimefika hapo. Sijawahi kumpa mtu kitu cha thamani kama hicho."

Wiki iliyofuata mke wangu alimpelekea kachori moja, moja tu, juu ya sahani kubwa, na akatuma salamu kwamba imefupishwa. Jirani alicheka hadi tukamsikia ng'ambo ya ukumbi, na ile kachori, aliniambia baadaye, aliila kwa kisu na uma.

Mambo hayakuishia kwetu. Ghorofa ya pili alikaa bibi mmoja Mpemba, mtu mzima kuliko sisi sote, aliyekuwa na goti limevimba. Naye alimpelekea Jirani samaki wa kupaka, naye bakuli lake likarudi na karatasi. Bibi hakusoma Kiingereza. Alichokiona ni mzee mwenye ndevu nyeupe amempa karatasi yenye alama zisizosomeka, bila kumwambia kitu, na akamheshimu kwa kutouliza. Akafanya kama mama zake walivyofanya kwa kombe, ambalo maandishi yake huoshwa kwa maji na yale maji yakanywewa au kupakwa. Kwa bahati nzuri wino wa printa haukutoka, basi hakunywa. Aliiloweka karatasi nzima katika maji ya marashi, akaifunga ikiwa mbichi juu ya goti, akalala nayo.

Siku chache baadaye alitukuta mimi na Jirani tunasubiri lifti.

"Jirani, una mkono wewe," alimwambia. "Tazama." Akakunja goti mbele yetu, akalikunjua, akalikunja tena. "Lilikuwa kama nazi. Sasa hili hapa, embe."

Jirani hakuelewa. Mimi nikamdadisi bibi, akasimulia karatasi na marashi, nami nikamweleza Jirani taratibu, maana niliona uso wake unabadilika. Nilidhani ataona haya au atacheka. Wapi. Aliuliza jambo moja tu.

"Kilikuwa kipande gani, bibi?"

"Cha samaki."

Alifumba macho kukumbuka. "Samaki wa kupaka... Ndiyo. Kilikuwa cha kupunguza ukubwa wa picha."

Bibi akalitazama goti lake.

"Basi kimepunguza," akasema, akaingia kwenye lifti.

Ilinibidi nilisemee jambo hilo katika darsa la akina mama siku ya Jumamosi. Niliwaambia shifaa inatoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba goti lililopumzishwa usiku kucha na kitambaa baridi lina haki ya kupona, na kwamba vipande vya Jirani ni vya kompyuta, si vya viungo. Wakaitikia vizuri sana. Baada ya darsa mmoja wao akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hicho cha kupunguza kinafanya kazi kwa tumbo.

Jirani mwenyewe aliwakatalia wote waliomwendea. "Sijakijaribu juu ya mtu," aliwaambia, na hapo ndipo ulipokuwa uaminifu wake. Neno "Kimejaribiwa" hakuliandika ila juu ya kipande alichokijaribu kwa mkono wake. Hata hivyo niliwahi kuiona nakala yake ya kile kipande cha picha, na chini yake ameongeza kwa kalamu ya risasi: "Goti: matokeo mazuri. Sababu haijulikani."

Kitu kilichonifanya nimpende, mimi mtu wa elimu ya dini, ni kwamba hakukupa kipande bila kukutajia alikipata kwa nani, na huyo alikipata kwa nani. Sisi tumesoma kwa njia hiyo. Hadithi isiyo na wapokezi wanaojulikana tunaiweka pembeni. Siku moja nilimwomba anitajie wapokezi wa kipande cha kupanga majina, nione mlolongo wake ulivyo.

"Nimekipokea kwa kijana wa Poland niliyefanya naye kazi," alisema, "naye kwa mtu wa mtandaoni anayeitwa Bata Asiyelala, naye kwa Panda Mlevi."

"Kwa nani?"

"Panda Mlevi. Ni jina alilojipa huko mtandaoni."

"Jirani, mpokezi mlevi hakubaliwi."

"Hanywi, Maalim! Ni jina tu."

"Umemjuaje kuwa hanywi?"

Akafikiri. "Kazi yake safi sana."

"Na huyo bata, kwa nini halali?"

Tulilijadili hilo mpaka chai ikapoa, nami nikamwambia kwa kadiri ya elimu yangu mlolongo huo ni dhaifu. Alihuzunika kidogo. Siku ya tatu akanigongea mlango, uso umemchangamka: amepata njia nyingine ya kipande kile kile, inayompita Panda na kupitia kwa mwalimu wa hesabu wa Uholanzi, mtu mzima, mwenye wajukuu. Nikampongeza. Nilikuwa sijui kipande chenyewe kinafanya nini vizuri, lakini wapokezi wake sasa walikuwa watu wa heshima.

Msidhani alikuwa mtu aliyepangika. Alikuwa na kipande cha kumkumbusha azime jiko, lakini kipande hicho kilikaa ndani ya kompyuta, na kompyuta aliizima kila akitoka ili isile umeme. Tulisikia harufu ya mayai yake mara nyingi. Alikuwa na kingine cha kumwambia basi litafika lini. Alikuwa anakitengeneza vizuri zaidi, dirishani, huku mabasi yakipita. Angekupa kipande alichokisaka mwaka mzima bila hata kukuuliza jina, lakini biskuti zake za tangawizi alizificha nyuma ya kamusi, na ukija hutia moja kwenye kisahani, akaitazama mpaka uimalize. Nilimwambia mara moja kwamba ukarimu haugawanyiki. Akasema wake umegawanyika, na akakiondoa kile kisahani.

Na Raya kila mara alikuwapo katikati ya mazungumzo, ingawa mwenyewe yuko Rayners Lane, upande wa pili wa mji. Alikuja kumtazama babake Jumapili nyingi, mtoto mwema, mikoba ya vyakula mikono yote miwili. Baba akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Nilikuwapo siku Jirani alipomwekea karatasi mbele ya sahani yake.

"Hebu kitazame hiki, mwanangu."

"Very nice, Baba," alisema Raya, macho yake yakiwa kwenye simu ya kazini.

"Mstari wa pili nimeubadilisha."

"Lovely." Akaiweka chupa ya maji juu ya karatasi.

Jirani aliitazama chupa ile kama mtu anayetazama gari lililoegeshwa mbele ya mlango wake. Alikuwa baba mpole. Lakini wiki ile bakuli letu lilirudi na karatasi tatu, nikajua moyo wake umejaa.

Kisa cha Idi wengi wanakijua, ila wanakisimulia vibaya. Jumuiya yetu ina kundi la simu, watu wa Barking, wa Kingsbury na wa kila upande, na Jirani aliombwa atume salamu za Idi kwa wote asubuhi. Alikuwa na kipande kwa ajili hiyo. Kipande kilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kusimama. Kikatuma "Asalaam alaikum, Idi Mubarak," kikamaliza, kikaanza tena.

Ingekuwa ni matangazo, watu wangezima simu. Lakini ilikuwa salamu, na salamu ni lazima iitikiwe. Wazee wakakaa kuitikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa kanzu na kofia, kiatu kimoja mguuni, naandika wa alaikum salaam, na kila nikimaliza inaingia nyingine.

"Baba Nassor, utakosa swala ya Idi kwa kuitikia salamu," mke wangu alisema.

"Ya mwisho hii."

"Hiyo umesema tangu nilipokuwa nanyoosha baibui."

Nikaandika kwenye kundi hukumu fupi: jibu moja linatosha kwa salamu zote za namna hii. Kwa adabu nikaianza hukumu yangu kwa asalaam alaikum, na watu wote wakaniitikia. Simu ikalia. Alikuwa Mhindi wetu wa Kingsbury, mzee aliyezaliwa Mombasa, mwenye duka la viungo.

"Maalim, mimi nimejibu zote, lakini mteja aliingia, nafikiri nimeruka moja. Sasa nafanyaje?"

"Umesamehewa, mzee wangu."

"Una hakika? Kidole kimevimba, lakini moja naweza kuongeza."

Nilivuka ukumbi. Jirani alikuwa amesimama katikati ya sebule na kanzu yake mpya, simu sikioni, kompyuta mbele yake inaendelea kusalimia. Alikuwa anazungumza na Raya. Nilisikia sauti ya binti ikisema kwa Kiingereza, kwa upole, azime tu kompyuta, halafu Idi Mubarak Baba, halafu kimya. Jirani akazima. Chumba kikatulia.

"Hakuuliza hata kimekosea wapi," aliniambia.

Nilimwambia twende tukaswali. Njiani kila tuliyekutana naye alitusalimia huku akicheka. Sikupata kumwona akiwa na huzuni kama siku ile ya furaha.

Halafu magoti yake yakaanza kugoma. Lifti ya jengo letu ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena, na ngazi zikawa ndefu kuliko alivyozizoea. Yule bibi wa ghorofa ya pili alimshauri ajifunge moja ya karatasi zake. Akakataa, akasema hataki kuwa wa kwanza kuharibu sifa ya kipande. Raya akaja na gari, akamchukua akaishi naye. Nilisaidia kubeba maboksi mpaka chini. Mke wangu alilia kidogo jikoni, na kwa muda mrefu hakupika tambi. Asubuhi zangu zikawa kimya. Nikawa naamka kwa saa ya simu, ambayo haina utu.

Nilimtembelea msimu wa baridi uliopita, siku ya Jumatano. Ni safari ya treni ya kuvuka mji mzima, na mtu mwenye tasbihi mfukoni hachoki kwa safari kama hiyo. Nikashuka Rayners Lane, nikapita maduka ya karibu na stesheni, nikanunua nusu kilo ya tende, nikafika. Nikabisha hodi. Hakuna aliyenisikia, kwa sababu ndani watu walikuwa wanagombana.

Nilipobisha mara ya pili Raya ndiye aliyefungua, nywele zimemtoka kwenye kilemba.

"Shikamoo, ami. Karibu ndani. Njoo umsikie mzee mwenzio alichonifanyia."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Kaingia kwenye kazi yangu!"

Jirani alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya bintiye, blanketi magotini. Aliponiona aliinua mkono, lakini hakuinuka. Alikuwa kama mtu aliye katikati ya kula.

Nikafahamishwa. Raya siku hiyo alikuwa anafanya kazi nyumbani, kazi ya haraka ya ofisini kwake. Aliinuka kupokea kifurushi mlangoni. Jirani akakaa kwenye kiti kilichoachwa, akaingiza kipande chake katikati ya msimbo wa binti, kisha akarudi mahali pake akanyamaza. Kazi ya Raya ikaanza kwenda polepole. Asubuhi nzima alitafuta kwa nini, akapekua mstari hadi mstari, mpaka akakutana na maneno ya Kiswahili: "Kimejaribiwa. Kipokeeni."

"Nilikuta pana nafasi," Jirani alijitetea.

"Hapakuwa na nafasi, Baba! Mistari mitupu si nafasi, ni ya kupumzisha macho!"

"Macho yako yalishapumzika, ulikuwa mlangoni."

"Una kiherehere, wallahi! Njoo hapa. Hapana, kaa hapo hapo. Huu mstari wa tatu. Unafanya nini?"

"Unasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sijui. Ndivyo nilivyoupokea."

"Tangu lini?"

"Tangu bohari."

Raya alishika kichwa. "Kwa hiyo kila mtu uliyempa kitu hiki, Barking nzima, kompyuta yake inasimama, inakaa, inatazama ukuta, halafu ndiyo inaendelea?"

"Subira ni jambo jema," nilisema, nikitaka kusaidia.

"Ami, tafadhali. Wewe kaa ule tende."

Nikakaa nikala tende. Na hapo nikiwa nimenyamaza ndipo masikio yangu yaliponiambia kitu: mtoto huyu anasema Kiswahili. Hakuna neno moja la Kiingereza tangu anifungulie. Kilikuwa Kiswahili cha jikoni, cha marehemu mama yake, chenye wallahi na kiherehere, kikali, kinatoka kama maji yaliyozibuliwa. Nikamtazama Jirani. Anafokewa, tena mbele ya mgeni, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesomewa khitma yake akiwa hai.

"Na huu wa nne hauna kazi," Raya alisema.

"Una kazi."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Akaukataa. Akamwonyesha tena kwa njia nyingine, kidole juu ya kioo, naye binti akavuta kiti akakaa begani kwa baba yake.

"Wa tano," alisema baada ya muda, "si mbaya."

"Na wa sita?"

"Wa sita ni aibu, Baba. Wa sita usimwonyeshe mtu."

"Wa sita niliupenda."

"Najua. Inaonekana." Akaufuta ule wa tatu, akaijaribu kazi yake. Ikaenda hapo hapo, bila kukaa. Wote wawili walisogea mbele kuitazama.

"Basi miaka yote ile tulikuwa tunasubiri bure?" Jirani aliuliza.

"Bure kabisa."

Alicheka mpaka akakohoa, na Raya akampiga mgongo kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika.

Wakati wa alasiri ukaingia. Niliomba mkeka, nikaswali pembeni ya sebule, na Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kuwa nilisikia kila kitu nyuma yangu. "Ukiuhamisha huu hapa..." "Shh, Maalim anaswali." "Nasema polepole. Ukiuhamisha hapa je?" "Hapo utaharibu kila kitu." "Hata kidogo?" "Shh!" Nilipotoa salamu nao waliniitikia, kisha wakaendelea.

Nilipoaga, giza la mapema lilikuwa limeshaingia dirishani. Raya aliniomba radhi kwamba hakunipikia hata chai. Kazi ya ofisini ilikuwa bado inamngoja, ilishachelewa, na hakuonekana kuikumbuka. Akamgeukia baba yake.

"Na kesho ukileta kingine, kisafishe kwanza. Usikiingize mwenyewe, umesikia? Nipe mkononi, nikisome."

Jirani alinisindikiza mpaka nje, kwa mkongojo, bila koti, ingawa nilimkataza. Hakuniuliza habari za jengo, wala za mke wangu, wala za lifti. Alitazama nyuma kuhakikisha mlango umefungwa, akanishika mkono wa kanzu.

"Umemsikia, Maalim?" alininong'oneza. "Kasema kesho."